Baada ya Tauni, Lipa Bei Kamili

Mahubiri ya Jumapili, Bujumbura
Masomo: 2 Samweli 24:15-25, Mambo ya Walawi 19:35-36, Matendo ya Mitume 18:1-4



Ninawasalimu nyote, ninyi tunaosali pamoja hapa mjini Bujumbura, na ninyi ndugu zetu mtakaosoma ukurasa huu huko kambini Musasa, Bwagiriza, Kavumu, Kinama na Nyankanda. Ninawasalimu pia wageni wetu walioingia karibuni kutoka Kivu Kusini. Karibuni sana. Hamkuja kwa wageni, mmekuja kwa ndugu.

Leo nataka tuongee juu ya kazi na biashara. Najua wengine wataguna moyoni: "Mchungaji, tumekuja kusikia habari za mbinguni, wewe unatuletea habari za soko!" Lakini wapendwa, wengi wetu tunakaa sokoni siku sita na kanisani saa tatu. Kama Mungu hana neno kwa zile siku sita, basi tumempa sehemu ndogo sana ya maisha yetu.

Tena kuna swali ambalo limenifuata kwa muda mrefu. Ugonjwa wa korona ulipita, na Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ile ya dharura imekwisha. Lakini je, mambo yetu ya kazi yalikwisha sawasawa? Yako madeni ya wakati ule ambayo bado yamelala. Wako watu wa wakati ule ambao mpaka leo hatutaki kukutana nao njiani. Neno la leo linahusu hayo.

1. TAUNI ILISIMAMA MAHALI PA KAZI

Tumesoma habari ya Daudi. Tauni iliingia katika Israeli, na kwa siku tatu wakafa watu 70,000. Hebu fikiri juu ya hesabu hiyo. Ni kama kumaliza kambi zetu kadhaa kwa siku tatu. Kisha Mungu akahurumia, na malaika akaamriwa kuuzuia mkono wake. Je, alikuwa amesimama wapi wakati huo? Hakuwa katika jumba la mfalme, wala penye hema la ibada. Alikuwa penye kiwanja cha kupuria cha mtu mmoja aitwaye Arauna, Myebusi.

Akina mama mnaolima mnajua kiwanja cha kupuria ni nini. Ni pale mnapotandaza maharage makavu na kuyapiga kwa fimbo mpaka maganda yaachane na mbegu. Ni mahali pa jasho na vumbi. Kitabu cha Mambo ya Nyakati kinaeleza kwamba Arauna, ambaye pale anaitwa Ornani, alikuwa anapura ngano pamoja na wanawe. Tauni ilikuwa imezunguka nchi nzima, na mtu huyu alikuwa bado kazini, kwa sababu watoto wanakula kila siku, hata siku za tauni.

Sasa angalieni jambo lililofuata. Nabii Gadi anamwambia Daudi apande kwenda kujenga madhabahu mahali pale. Daudi anafika na kuomba kununua kile kiwanja. Arauna anataka kumpa bure kiwanja, ng'ombe, na hata kuni za vyombo vya kupuria. Daudi anakataa. Anasema hawezi kumtolea Mungu wake kitu kisichomgharimu. Analipa shekeli 50 za fedha.

Wapendwa, jambo la kwanza lililofanyika baada ya tauni kusimama lilikuwa ni biashara. Mtu mmoja aliuza, mwingine akanunua, bei ikalipwa. Na ndipo sadaka ikapokelewa.

Tena Arauna alikuwa nani? Alikuwa Myebusi, mtu wa kabila lililoshindwa vita na Daudi. Mfalme akikuomba shamba lako, nawe ni mtu wa kabila lililoshindwa, utasemaje? Utasema, "Chukua, bwana wangu." Pengine Arauna alisema hivyo kwa moyo mweupe. Pengine alisema kwa hofu. Daudi hakutaka kutumia nafasi hiyo. Alimlipa bei kamili mtu ambaye hakuwa na nguvu ya kumdai.

Sisemi kwamba korona ililetwa na dhambi ya mtu fulani. Habari ya Daudi ni ya Daudi. Ninachosema ni hiki: tauni ikiisha, Mungu anaangalia jinsi tunavyolipana.

2. SISI NA KORONA

Tukumbuke ilivyokuwa hapa. Tarehe 31 Machi 2020 serikali ilitangaza wagonjwa wawili wa kwanza wa Covid-19 katika Burundi. Sisi hatukufungiwa majumbani kama ndugu zetu wa Kigali na Kampala. Makanisa yalibaki wazi, mpira ulichezwa, na mwezi wa Mei watu walipiga kura. Mwisho wa Juni, Rais Évariste Ndayishimiye alisema kwamba korona ni adui mkubwa wa nchi, na bei ya ile sabuni ya buluu ikashushwa kwa nusu ili kila mtu anawe mikono. Mwezi wa Julai ikaanza kampeni ya kupima watu: "Ndakira, sinandura kandi sinanduza," yaani ninapona, siambukizwi, wala siambukizi.

Kwa hiyo mtu wa mbali angeweza kusema kwamba Bujumbura haikuguswa sana. Lakini mtu wa mbali hajui kwamba watu wengi wa kanisa hili walikuwa wanakula kwa njia ya Gatumba. Asubuhi unavuka kwenda Uvira, jioni unarudi. Unapeleka mboga, unarudi na vitenge. Kati ya Bujumbura na Uvira ni safari fupi, hata kwa baiskeli. Mpaka ulipofungwa mwaka 2020, njia ya chakula chetu ilifungwa. Uwanja wa ndege ulifunguliwa tena Novemba ya mwaka ule, lakini wangapi kati yetu tunapanda ndege? Januari 2021 serikali ikatangaza tena kufunga mipaka ya nchi kavu na ya ziwa. Na mpaka ulipokuja kufunguliwa, kulikuwa na sharti la kipimo, nacho kipimo kilikuwa na gharama. Mwenye mtaji wa kapu moja la nyanya hawezi kulipia kipimo.

Hapo ndipo madeni yalipozaliwa. Biashara ya mpakani ni biashara ya kuaminiana. Unapewa mzigo leo, unalipa ukirudi kesho. Na kesho yenyewe haikufika.

3. VITENGE 12

Kuna mama mmoja wa kanisa letu, anakaa Buyenzi. Ameniruhusu nisimulie habari yake bila kumtaja jina, ili ndugu wengine wapone.

Mwanzoni mwa Machi 2020 alipokea vitenge 12 kwa mkopo kutoka kwa mama mmoja muuzaji wa Uvira. Hawakuandikiana karatasi. Walikuwa wamefanya kazi hivyo kwa miaka. Siku chache baadaye mpaka ukafungwa. Mama wa Buyenzi aliuza vitenge kimoja kimoja, kwa shida, na fedha zile akalipa nyumba, akanunua unga, akampeleka mtoto hospitali. Vitenge 12 vikaliwa vyote. Mama wa Uvira alipiga simu mara ya kwanza, akajibiwa: "Dada, subiri mpaka ufunguliwe." Alipiga mara ya pili, akajibiwa vivyo hivyo. Mara ya tatu simu haikupokelewa. Kisha mama wa Buyenzi akabadili namba.

Mpaka ulipofunguliwa, yeye hakurudi tena Uvira. Alianza kuuza ndagala hapa mjini. Watu walimsifu kwamba amebadili kazi kwa akili. Hawakujua kwamba alikuwa anakimbia.

Ndugu, sisi ni wakimbizi. Tunajua kukimbia ni nini. Tulikimbia risasi, na Mungu hatuhesabii hilo kuwa dhambi. Lakini kuna mkimbizi mwingine ndani ya mtu, anayemkimbia jirani yake aliyemtendea mema. Huyo hapewi hifadhi mahali popote.

Desemba 2025 vita ilifika Uvira. Ninyi mliovuka mnajua kuliko mimi. Makumi ya maelfu ya watu waliingia Burundi, na wakati huu aliyevuka hakuwa na mzigo wa kuuza, alikuwa na mtoto mgongoni. Jumapili moja baada ya hapo, ibada ikiendelea, mama wa Buyenzi alitoka nje. Nilimkuta baadaye amekaa nyuma ya kanisa, anatetemeka. Akaniambia, "Mchungaji, yule mama mgeni aliyekaa benchi la tatu, nimekula vitu vyake."

Tuliwakutanisha siku ya Jumanne, pamoja na mzee mmoja na Mama Mchungaji. Nilitazamia maneno makali. Lakini mama wa Uvira alipomwona, alisema hivi: "Dada, mimi nilidhani ulikufa na korona. Nilikulilia."

Hapo hakuna aliyeweza kusema kitu.

4. MIZANI YA UONGO

Baada ya machozi ilibidi tuhesabu, maana machozi hayalipi deni. Mama wa Buyenzi alikuwa ameleta faranga mfukoni. Alikuwa amekopa ili alete hesabu yote ya vitenge 12, kwa bei ile ile waliyopatana mwaka 2020. Aliziweka mezani. Mama wa Uvira alishukuru, lakini mzee wetu, ambaye zamani alikuwa na duka, akauliza swali moja: "Fedha hizi zinanunua vitenge vingapi leo?"

Tukanyamaza, kwa sababu kila mmoja alijua jibu. Hazinunui 12. Hazikaribii.

Ndugu zangu, hapa naomba tusikilize vizuri, maana wengi tunajidanganya mahali hapa. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha sana thamani ya faranga. Dola moja iliyokuwa karibu faranga 2,100 kwa bei ya benki ikapita 2,700 kwa mara moja, na bei ya barabarani ilikuwa juu zaidi. Tangu hapo tumeona bei ya mafuta, ya mchele, ya sukari. Mtu aliyekopa mwaka 2020 akilipa leo namba ile ile, midomo yake inasema "nimelipa", lakini mkono wake umerudisha sehemu tu.

Neno la Mungu katika Walawi 19 linatuamuru tuwe na mizani ya haki na vipimo vya haki. Zamani mdanganyifu alikuwa na mawe mawili mfukoni, moja zito la kununulia na moja jepesi la kuuzia. Sisi hatuna mawe. Lakini faranga ya mwaka 2020 ilikuwa jiwe zito, na faranga ya leo ni jiwe jepesi. Aliyepokea kwa zito akarudisha kwa jepesi, huku akijua, ametumia mizani miwili.

Basi mzee wetu akasema: "Alipewa vitenge. Tuhesabu kwa vitenge." Na ndivyo tulivyofanya.

Mama wa Uvira akafikiri kidogo, akasema: "Nipe sita. Sita vingine vilikwenda na ugonjwa. Wewe ulifungiwa, na mimi nilifungiwa. Tugawane hasara." Tangu siku hiyo anapokea kitenge kimoja kila mwezi, na ameshapokea vitatu. Cha kwanza hakukivaa. Alikiuza, akanunua mkaa, akaupanga kwa mafungu kando ya barabara. Leo ana biashara yake ndogo.

Nilipoona mafungu yale ya mkaa ndipo nilipoelewa. Sisi tunaomba kila wiki: Mungu, wape wageni wetu mtaji. Na mtaji wa huyu mgeni ulikuwa umelala Buyenzi kwa miaka mitano. Ndugu, deni lako ni mtaji wa mwingine. Pengine maombi ya mtu fulani yamekwama mfukoni mwako.

5. BENCHI TUNAZOKALIA

Nisiseme habari za wengine tu. Benchi ile ya tatu aliyokalia mama wa Uvira, pamoja na nyingine tisa, zilitengenezwa na fundi seremala mmoja, mkimbizi kama sisi. Alizimaliza Aprili 2020. Wakati huo sadaka zilikuwa zimeshuka, kwa sababu wafanyabiashara wa mpakani ndio walikuwa wanatoa. Mimi mwenyewe nilimwambia fundi, "Ndugu, hii ni kazi ya Mungu, vumilia." Alivumilia karibu miaka miwili. Katika miaka hiyo tulinunua spika mpya.

Mwaka 2022 tulimlipa namba ile ile ya mwanzo, tukampigia makofi kwa uvumilivu wake. Alisema asante. Angesema nini? Alikuwa ni Arauna mbele ya mfalme.

Baada ya kuhesabu vile vitenge sikulala vizuri. Nililiita baraza la wazee, nikakiri. Tulimwuliza fundi mbao zile ziligharimu kiasi gani wakati ule na zingegharimu kiasi gani siku tulipomlipa, na tofauti tukamlipa. Tumetoa kwa awamu mbili. Naomba msamaha mbele ya kanisa. Jina la Mungu halipaswi kutumiwa kuchelewesha ujira wa mtu. Yakobo sura ya 5 anaonya kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na Mungu anasikia.

6. KWA WENYE KUAJIRI

Wako wengine kati yetu ambao Mungu amewainua, wana duka, wana karakana, wana vibarua watatu au wanne. Baada ya korona walizoea maneno haya: "Hali ni mbaya, chukua kidogo hiki. Kama hutaki, wengine wako mlangoni." Mwaka 2020 maneno hayo pengine yalikuwa kweli. Je, leo bado ni kweli, au yamekuwa mazoea?

Jambo hili ni la zamani. Karne ya 14 tauni kubwa iliua watu wengi sana huko Ulaya. Wafanyakazi waliobaki wakawa wachache, wakaanza kuomba mshahara mzuri zaidi. Mwaka 1351 bunge la Uingereza likatunga sheria kuwakataza wasipokee zaidi ya mshahara wa kabla ya tauni. Watu walikuwa wametoka kuzika jamaa zao, na wakubwa wakakaa mezani kuhakikisha mfanyakazi hapati nyongeza. Moyo wa mwanadamu ni ule ule, awe London au Bujumbura.

Mkimbizi asiye na karatasi kamili hawezi kwenda kulalamika. Anayemlipa nusu anajua hivyo. Ndugu mwajiri, hapo ndipo utajulikana kama wewe ni Daudi au la.

7. KAZI IKIBADILIKA

Labda mtu atasema, "Mchungaji, mimi sina deni wala kibarua. Shida yangu ni kwamba kazi yangu ya zamani haipo tena." Ni kweli. Korona ilikata njia nyingi, na nyingine hazikurudi. Tulipoanza kupumua, Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilikatazwa kuingia katikati ya jiji la Bujumbura, na vijana wetu wengi wakapoteza njia zao. Kisha mafuta ya gari yakaadimika. Julai 2024 ukatangazwa ugonjwa wa mpox hapa nchini, tukaogopa tena kushikana mikono. Mwaka 2025 mgao wa chakula ukapunguzwa kambini. Anayengoja mambo yarudi kama yalivyokuwa mwanzoni mwa 2020 atangoja sana.

Tuwatazame Akila na Prisila. Kaisari Klaudio alitoa amri Wayahudi waondoke Roma. Kwa amri moja, duka, wateja, jirani, vyote vikabaki nyuma. Wakafika Korintho, mji wa bandari, hawana mtu. Lakini ufundi wa kushona mahema walikuja nao mikononi. Wakaanza tena. Paulo alipofika aliwakuta kazini, akakaa nao, wakafanya kazi pamoja. Kanisa la Korintho lilianzia kwenye karakana ya wakimbizi.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, ufundi unavuka mpaka bila kibali. Wazazi, mtoto akijifunza kushona, kuchomelea, kutengeneza simu, amepewa kitu ambacho hakuna vita wala ugonjwa unaoweza kukiacha nyuma. Pili, hawakufanya kazi peke yao. Wakati wa korona, wafanyabiashara wadogo wa Goma na Rubavu walipozuiliwa kuvuka kwa miguu, walijikusanya, wakaunganisha mizigo yao na kuivusha kwa lori. Aliyekuwa peke yake alikaa nyumbani. Basi vikundi vyetu vya likelemba viendelee, lakini viandikwe katika daftari, hata kati ya ndugu wa tumbo moja. Na siku hizi pesa inapita kwenye simu, kwa Lumicash na EcoCash. Ni jambo jema, maana ujumbe ule unabaki kama ushahidi. Usiufute. Daftari halipunguzi upendo. Lingekuwepo daftari kati ya Buyenzi na Uvira, kusingekuwa na simu iliyobadilishwa namba.

8. NENO KWA ANAYEDAI

Nimalize kwa neno kwa yule anayedai, maana bila neno hili mahubiri haya yanaweza kuwa fimbo mkononi mwako. Usitoke hapa ukaenda kumshika mtu shati na kusema, "Mchungaji amesema lipa kwa bei ya leo!" Sheria ya Musa ilimkataza mdai kukaa na vazi la maskini usiku, kwa sababu ndilo analojifunika. Yuko mdaiwa anayekwepa, na yuko mdaiwa asiye na kitu. Mungu anawajua wote wawili. Wewe nenda kwanza ukaone jiko lake kama linawaka.

Mama wa Uvira alisamehe vitenge sita. Hakuna aliyemlazimisha, na kanisa halina ruhusa ya kumlazimisha mtu yeyote afanye hivyo. Msamaha ni mali ya mwenye kudai. Mwenye deni, kazi yake ni kuja na hesabu kamili. Mwenye kudai, kazi yake ni kumwangalia ndugu yake usoni kabla ya kuiangalia hesabu. Wakikutana hapo katikati, ndipo mahali pa madhabahu.

Kile kiwanja cha Arauna hakikubaki kiwanja cha kupuria. 2 Nyakati sura ya 3 inatuambia kwamba Sulemani alijenga hekalu la Bwana mahali pale pale. Nyumba ya Mungu ilijengwa juu ya ardhi iliyolipiwa, palipokuwa na jasho la mtu wa kazi, mahali tauni iliposimama. Kama Daudi angekichukua bure, hekalu lingekaa juu ya dhuluma.

Wapendwa, tunataka kujenga maisha mapya hapa Bujumbura, na kambini, na kwetu siku Mungu atakapoturudisha. Tuangalie msingi. Wiki hii kila mmoja achukue karatasi, aandike madeni na ujira wa tangu 2020 ambao haujalipwa. Aandike kwa kitu alichopokea: vitenge, mbao, magunia, siku za kazi. Kisha achague jina moja, apige simu. Kama alibadili namba, ampe namba mpya.

Tuombe. Baba wa mbinguni, ulituhifadhi wakati wa ugonjwa. Wenzetu wengine walilala, sisi tupo. Tusamehe kwa kila jirani tuliyemkimbia na kila kibarua tuliyemlipa nusu. Tupe ujasiri wa kurudi kwao. Wapatie kazi vijana wetu, wapatie mtaji wageni wetu, nasi utufanye kuwa njia ya mtaji huo. Katika jina la Yesu. Amina.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Kwa nini Daudi alikataa kupewa kiwanja bure? Sisi tungefanyaje?
2. Je, ni haki kulipa deni la zamani kwa namba ile ile kama fedha imepoteza thamani? Kikundi chenu kitahesabuje?
3. Mdaiwa asiye na uwezo kabisa afanye nini? Mdai naye afanye nini?
4. Ni ufundi gani uliopo katika kikundi chenu ambao unaweza kufundishwa kwa vijana na kwa ndugu waliofika karibuni?